Sakafu ya Chumba cha Maziwa: Jinsi ya Kuchagua na Kupaka Epoksi

Mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa huangalia sana mambo matatu: majani, ng'ombe mwenyewe, na usafi wa mikebe. Jambo la nne husahauliwa na wengi, nalo ni sakafu ya chumba ambamo maziwa huchujwa, hupimwa na kuwekwa kabla ya kupelekwa kwenye kituo cha kununulia. Sakafu hiyo ikianza kuliwa, maji hutuama katika mashimo, maziwa yaliyomwagika huchacha humo, na vijidudu huzaana usiku na mchana. Kisha mkebe huburutwa juu ya uchafu huo, maji machafu huruka, na mwisho wake ni maziwa kukataliwa kituoni. Hasara hiyo huonekana asubuhi moja tu, lakini chanzo chake kilianza miaka mingi nyuma, katika ufa mdogo ambao hakuna aliyeushughulikia.

Siku hizi mafundi wengi huwashauri wakulima na vyama vya ushirika wapake epoksi juu ya sakafu za zege. Epoksi ni kitu kizuri kikitumiwa mahali pake na kwa kanuni zake. Kikitumiwa ovyo, hubanduka kama ganda la ndizi kabla ya mwaka kwisha, na fedha ya mkulima hupotea. Kwa hiyo katika somo hili tutaeleza epoksi ni nini, nani anayeihitaji, jinsi ya kuichagua, na jinsi ya kuipaka hatua kwa hatua. Soma somo lote kabla ya kwenda dukani.

KWA NINI MAZIWA HULA ZEGE

Zege ni simiti iliyochanganywa na mchanga, kokoto na maji. Ndani ya simiti iliyokauka kuna chokaa. Maziwa yakichacha hutoa asidi, ambayo wataalamu huiita asidi laktiki. Asidi hii ikikutana na chokaa, hugeuka kuwa chumvi inayoyeyuka katika maji. Kila mara unapoosha sakafu, chumvi hiyo huondoka pamoja na maji, na simiti hupungua kidogo. Kwanza uso laini hutoweka, halafu mchanga huonekana, halafu kokoto, na mwishowe mashimo.

Maji yanayotoka kwenye saileji yana asidi kali kuliko maziwa yaliyochacha, na hula zege upesi. Kadhalika, dawa za asidi zinazotumiwa kuondoa ukoko wa maziwa katika vyombo zikimwagwa sakafuni bila kuoshwa huleta madhara yale yale. Basi kazi ya epoksi ni kuwa ngozi kati ya asidi na zege. Ngozi ikiwa nzima, zege iko salama. Ngozi ikitoboka, asidi hupita chini yake na kuila zege bila wewe kuona.

EPOKSI NI NINI

Epoksi ilitokana na kazi ya wanakemia Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani katika miaka ya 1930 na 1940. Huja katika makopo mawili. Kopo la kwanza lina rezini, yaani kitu kizito kama asali, mara nyingi kikiwa kimetiwa rangi. Kopo la pili lina kigumishi. Vitu hivi viwili vikichanganywa hushikana na kuwa kitu kimoja kigumu ambacho hakiyeyuki tena.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulikosea. Hudhani kwamba kigumishi ni kama chumvi katika mboga, kwamba ukizidisha kidogo mchanganyiko utakauka upesi zaidi. Sivyo. Kigumishi chenyewe ni sehemu ya sakafu yako. Kila chembe ya rezini hutafuta mwenzake katika kigumishi. Kigumishi kikizidi, kile kilichokosa mwenzake hubaki majimaji ndani ya sakafu. Kikipungua, rezini ndiyo hubaki majimaji. Katika hali zote mbili sakafu hunata, huwa laini, na asidi huishinda. Kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye kopo, wala hakuna kingine.

NANI ANAYEHITAJI EPOKSI

Kabla ya kutumia fedha, jiulize kama unaihitaji kweli. Mkulima mwenye ng'ombe mmoja au wawili, anayekama na kupeleka maziwa papo hapo, aweza kutosheka na zege nzuri iliyolainishwa vizuri na kuoshwa kila siku. Lakini mkulima mwenye ng'ombe wengi, au kikundi chenye tangi la kupozea maziwa, ambako maziwa humwagika kila siku, huyo atapata faida.

Usipake epoksi mahali ng'ombe wanaposimama na kutembea. Kwato na mawe yaliyonaswa katika kwato huikwaruza, na ikilowa ng'ombe huteleza. Ng'ombe akiteleza na kuvunjika nyonga, hasara yake ni kubwa kuliko sakafu nzima. Mahali pa ng'ombe panafaa zege ngumu iliyokwaruzwa mistari ingali mbichi, au mikeka ya mpira. Hori la chakula nalo lisipakwe ila kwa aina ambayo mtengenezaji ameandika kwamba inafaa kugusana na chakula.

Tena, epoksi haiponyi zege mbaya. Ikiwa sakafu yako inavunjika kama mkate mkavu, au unyevu unapanda kutoka chini kwa sababu haikuwekwa karatasi ya nailoni wakati wa kujenga, afadhali fedha yako uitumie kwanza kuitengeneza zege.

KUIPIMA SAKAFU

Hivi ni vipimo vinne ambavyo mkulima aweza kufanya mwenyewe bila gharama.

1. Kipimo cha umri. Zege mpya ni lazima ikae siku 28 kamili tangu kumwagwa kabla ya kupakwa kitu. Katika siku 7 za kwanza imwagiwe maji na kufunikwa ili ikomae. Zege iliyokauka upesi juani huwa na unga juu yake, na epoksi itashika unga, haitashika zege.

2. Kipimo cha unyevu. Chukua kipande cha nailoni inayopenya mwanga, sentimeta 45 kwa 45. Kilaze sakafuni mahali pasipopigwa na jua na ukibandike kwa utepe wa gundi pande zote nne, pasiwe na nafasi ya hewa. Kiache usiku na mchana. Ukikibandua, tazama chini yake. Kama kuna matone ya maji, au zege imekuwa nyeusi kuliko kandokando, basi unyevu unapanda. Usipake. Fanya hivyo mahali pawili au patatu, hasa karibu na ukuta na karibu na mfereji.

3. Kipimo cha mafuta. Nyunyiza matone ya maji. Yakinywewa na zege katika muda wa dakika moja hivi, sakafu ni safi. Yakisimama kama umande juu ya jani la nduma, basi kuna mafuta ya maziwa, sabuni au nta. Epoksi haitashika hapo.

4. Kipimo cha nguvu. Kwaruza kwa msumari. Ukitoa unga mwingi, uso wa zege ni dhaifu. Kisha gonga sakafu yote kwa mpini wa nyundo. Mahali panapolia kama mtungi mtupu, plasta ya juu imeachana na ile ya chini. Sharti ibomolewe na kujengwa tena.

KUCHAGUA DUKANI

Dukani utaonyeshwa makopo mengi, na si yote ni sawa. Yafuatayo ndiyo ya kujua.

Rangi ya mafuta ya kawaida ni ya mbao na bati. Chokaa iliyo ndani ya zege huyageuza mafuta yake kuwa kama sabuni, nayo hubanduka.

Rangi ya kopo moja iliyoandikwa neno epoksi ni rangi iliyotiwa epoksi kidogo. Yaweza kufaa kwenye baraza au ghalani penye kazi nyepesi, lakini si ya chumba cha maziwa. Epoksi ya kweli ina makopo mawili.

Epoksi ya maji, yaani ambayo imepunguzwa kwa maji, haina harufu kali, na huvumilia zege yenye unyevu kidogo. Upungufu wake ni kwamba tabaka lake ni jembamba, maana maji hukauka na kutoweka.

Epoksi ya tineri hupenya vizuri katika zege, lakini harufu yake ni kali, huwaka moto upesi, na maziwa hunyonya harufu. Katika chumba kidogo ni hatari.

Epoksi isiyo na maji wala tineri hubaki yote sakafuni. Hutoa tabaka nene na gumu. Lakini hukauka upesi koponi, na humtaka fundi aliye tayari na zana zake zote.

Kwa chumba cha maziwa, aina hii ya mwisho ndiyo bora, ikitanguliwa na tabaka la kwanza jepesi la kupenya ambalo mtengenezaji ameagiza.

Muulize muuzaji karatasi ya maelezo ya mtengenezaji. Usikubali maneno ya mdomo tu. Tafuta ndani yake mambo manne: kipimo cha kuchanganya, kiasi cha yabisi, yaani kitu kinachobaki baada ya kukauka, joto la chini linalofaa kupaka, na kama inavumilia asidi laktiki. Hili la mwisho ni kubwa. Epoksi nyingi hushinda mafuta ya gari na chumvi, lakini hushindwa na asidi ya maziwa. Epoksi ya gereji si lazima iwe epoksi ya maziwa.

Kadhalika uliza juu ya maji ya moto. Epoksi nyingi hulainika zikipata joto la karibu sentigredi 60. Ukimwaga maji yanayochemka juu ya sakafu baridi, zege na epoksi hutanuka tofauti, na siku moja zitaachana. Kiwanda kinachoosha kwa maji yanayochemka au kwa mvuke chafaa kutumia mchanganyiko wa simiti na poliyurethani badala ya epoksi.

HESABU YA KOPO

Wakulima wengi hununua kopo la bei ndogo, kumbe limewagharimu zaidi. Jifunze hesabu hii, nayo ni rahisi. Lita 1 ya yabisi ikitandazwa kwa unene wa milimita 1 hufunika meta 1 ya mraba. Ikitandazwa kwa unene wa sehemu ya kumi ya milimita, hufunika meta 10 za mraba.

Tuseme chumba chako kina urefu wa meta 4 na upana wa meta 3. Eneo lake ni meta 12 za mraba. Unataka tabaka mbili ambazo kwa jumla zina unene wa milimita 0.3. Zidisha 12 kwa 0.3, utapata lita 3.6. Ongeza moja ya tano kwa sababu zege ina vishimo na rola hunywa kiasi fulani, utapata lita 4.3 hivi.

Sasa tuseme kuna makopo mawili. La kwanza yabisi yake ni 100 kwa 100, na bei ni shilingi 1,000 kwa lita. La pili yabisi yake ni 50 kwa 100, na bei ni shilingi 700 kwa lita. (Bei hizi ni za mfano tu wa hesabu, si za duka lolote.) Kwa kopo la kwanza utahitaji lita 4.3, yaani shilingi 4,300. Kwa kopo la pili utahitaji lita 8.6 ili ubaki na unene ule ule, yaani shilingi 6,020. Kopo lililoonekana rahisi limekugharimu shilingi 1,720 zaidi. Basi usiulize tu bei ya lita. Uliza bei ya kinachobaki sakafuni.

KUANDAA SAKAFU

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Sakafu nyingi zinazobanduka hazikuharibika kwa sababu ya epoksi mbaya, bali kwa sababu ya maandalizi mabaya.

Kwanza, ondoa mafuta. Osha kwa maji ya moto na sabuni au magadi, usugue kwa brashi ngumu, na usuuze mara nyingi. Rudia hata maji yanywewe vizuri katika kipimo cha matone. Ni lazima mafuta yatoke kabla ya kukwaruza, maana ukikwaruza sakafu yenye mafuta unayasukuma ndani zaidi.

Pili, kwaruza uso. Epoksi hushika mahali penye ukwaru kama msasa. Njia iliyo bora ni mashine ya kusaga sakafu, ambayo huweza kukodishwa. Vyema wakulima kadhaa waikodi pamoja kwa siku moja. Kwa chumba kidogo, patasi, brashi ya waya na jiwe la kunolea vyaweza kufanya kazi hiyo kwa subira. Vumbi la zege huharibu mapafu kabisa, kwa hiyo vaa barakoa nzuri ya vumbi, na watoto wasikaribie.

Mafundi wengine hutumia asidi ya kuoshea. Katika chumba cha maziwa hatuishauri, maana moshi wake hula mikebe ya chuma na kuumiza macho na kifua, na ikibaki ndani ya zege huzuia epoksi kushika. Kama hapana budi, fuata kipimo cha chupani, tia asidi katika maji wala usitie maji katika asidi, kisha iue kwa maji ya magadi na usuuze sana.

Tatu, tengeneza mashimo na nyufa. Panua ufa kidogo kwa patasi, toa vumbi, ujaze kwa epoksi iliyochanganywa na mchanga mkavu mpaka iwe kama uji mzito wa kushikana. Wakati huo huo tazama mteremko. Kwa kila meta 1 sakafu ishuke kama sentimeta 2 kuelekea mfereji. Mahali ukuta unapokutana na sakafu, weka kona ya mviringo kwa mchanganyiko huo huo, ili brashi ifike na uchafu usijifiche.

Nne, fagia, futa vumbi lote, na uache ikauke kabisa. Pitisha kitambaa cheusi. Kikitoka cheupe, fagia tena.

KUCHAGUA SIKU

Hali ya hewa ni jambo kubwa, hasa kwa wakulima wa nchi za juu kama Kinangop, Molo na Ol Kalou, ambako usiku baridi huwa kali. Epoksi nyingi hazigandi vizuri chini ya sentigredi 10. Baridi ikiwa nyingi, au umande ukianguka juu yake kabla haijashika, uso wake hufanya utando mweupe unaonata. Tabaka la pili likipakwa juu ya utando huo halishiki. Ukiuona, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukaushe, ukwaruze kidogo kwa msasa, ndipo uendelee.

Miezi ya Januari na Februari ni mizuri katika sehemu nyingi, kwa kuwa mvua ni chache na mchana una joto. Epuka majira ya mvua na baridi ya Juni mpaka Agosti. Anza kazi umande umekwisha kukauka, kiasi cha saa nne asubuhi, na umalize mapema mchana ili epoksi ipate kushika kabla ya baridi ya jioni. Ziba madirisha yanayoingiza jua moja kwa moja sakafuni, maana zege ikipata joto ghafula hutoa hewa, na hewa hiyo hufanya mapovu katika tabaka.

Kwa wakulima wa pwani shida ni kinyume chake. Joto likiongezeka kwa sentigredi 10, muda wa kutumia mchanganyiko hupungua kama nusu. Kopo linalokupa dakika 40 penye sentigredi 20 laweza kukupa dakika 20 tu penye 30. Changanya kidogo kidogo, na weka makopo kivulini.

KUCHANGANYA NA KUPAKA

Tayarisha zana zote kwanza: makopo mawili matupu na safi, mti au chuma cha kukorogea, rola, brashi, saa, na watu wawili. Mmoja akoroge, mwingine apake.

1. Koroga kopo la rezini peke yake, kwa kuwa rangi huzama chini.

2. Mimina kigumishi chote ndani yake. Ikiwa unatumia sehemu tu ya makopo, pima kwa chombo chenye alama, usikisie kwa macho.

3. Koroga polepole kwa dakika 3, ukipangusa kando na chini ya kopo. Ukikoroga kwa kasi utaingiza mapovu.

4. Mimina yote katika kopo la pili lililo safi, ukoroge tena dakika 1. Sababu ni kwamba rezini isiyochanganyika hubaki imeshika kando za kopo la kwanza. Usikwangue kopo hilo na kupaka sakafuni. Ndiyo asili ya vile viraka vinavyonata siku zote.

5. Epoksi isiyo na maji imwage sakafuni mara moja kwa mistari, kisha itandaze. Ikikaa koponi kwa wingi hupata moto yenyewe, hata kutoa moshi. Ikianza kupata moto, ipeleke nje, usijaribu kuitumia.

6. Anza kona ya mbali na umalizie mlangoni. Tabaka la kwanza lisukumwe ndani ya zege kwa brashi na rola, wala lisiachwe vidimbwi. Mahali panapobaki pakavu na pasipong'aa, zege imekunywa, paka tena.

7. Tabaka la pili likiwa bado bichi, nyunyiza mchanga mweupe mgumu, mkavu, uliooshwa na kuchekechwa, ili miguu isiteleze. Mchanga wa baharini una chumvi, usiutumie. Kesho yake fagia mchanga usioshika, kisha paka tabaka la mwisho la kuufunga. Usisahau kuliingiza tabaka hili katika hesabu yako ya lita.

Kati ya tabaka na tabaka fuata saa zilizoandikwa. Ukichelewa kupita muda huo, tabaka la chini limekwisha kuwa gumu mno. Likwaruze kwa msasa kabla ya kupaka jingine.

Sakafu yaweza kukanyagwa kwa mguu baada ya siku moja hivi. Lakini kukanyagika si kukomaa. Asidi na maji ya kuoshea yasiiguse mpaka siku 7 zipite, na penye baridi zaidi ya hapo. Kwa hiyo kabla ya kuanza, tafuta mahali pengine safi pa kuweka maziwa kwa muda wa siku 10, na yasirudishwe ndani mpaka harufu iishe kabisa.

TAHADHARI KWA MWILI

Rezini na kigumishi huumiza ngozi. Mtu aweza kuvigusa mara nyingi asione kitu, kisha siku moja mwili ukavikataa. Tangu hapo, kila akivikaribia atavimba na kuwashwa, na hali hiyo haiondoki. Kwa hiyo vaa glavu za mpira, miwani, na nguo za mikono mirefu. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji. Usioshe mikono kwa tineri, kwa maana tineri huipeleka ndani ya ngozi.

Fungua milango hewa ipite. Kama kuna tineri, pasiwe na jiko, taa ya moto wala sigara. Mabaki yaliyo majimaji yasimwagwe mtoni wala shimoni, maana huua samaki. Changanya mabaki ya makopo yote mawili kwa kipimo chake, kidogo kidogo, nje ya nyumba, yagande ndipo yatupwe. Na makopo matupu yatobolewe. Kopo la epoksi lisitumiwe kuchotea maji, kukamia wala kulishia mifugo, hata likioshwa mara kumi.

KUITUNZA

Maziwa yakimwagika, yaoshe papo hapo kwa maji baridi, kisha maji ya vuguvugu na sabuni, kisha suuza. Usiburute mikebe, inyanyue au uweke mkeka wa mpira mahali inaposhushwa. Kila mwisho wa mwezi tembea sakafu yote ukiitazama. Ukiona mkwaruzo uliofika kwenye zege, uukaushe, uupige msasa na kuupaka siku hiyo hiyo. Kiraka cha ukubwa wa kiganja ni kazi ya saa moja. Kikiachwa miezi sita, asidi itakuwa imetembea chini yake mpaka ukutani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Epoksi inayopigwa na jua kila siku hugeuka manjano na kutoa unga. Ndani ya chumba si neno, lakini ubaraza wa nje unahitaji tabaka la juu la poliyurethani inayovumilia jua.

MASWALI YA KUJIPIMA

Mkisoma somo hili pamoja katika kikundi au chama cha ushirika, jaribuni kujibu maswali haya bila kutazama:

1. Kwa nini maziwa yaliyochacha hula zege?
2. Kipande cha nailoni kimebanduliwa na chini yake mna matone ya maji. Utafanya nini?
3. Fundi anataka kuongeza kigumishi ili sakafu ikauke kabla ya jioni. Utamjibu nini?
4. Chumba kina meta 5 kwa meta 4. Unataka unene wa milimita 0.3. Utahitaji lita ngapi za epoksi isiyo na maji wala tineri, pamoja na moja ya tano ya ziada? (Jibu: lita 7.2.)
5. Kwa nini sakafu inayokanyagika kesho yake isimwagiwe maziwa mpaka siku 7 zipite?

Anayeweza kujibu yote matano yuko tayari kusimama karibu na fundi na kumwangalia akifanya kazi. Asiyeweza, na asome tena kabla ya kutoa fedha mfukoni. Kumbuka, epoksi ikikwisha kushika huwezi kuichanganya upya. Iliyoharibika itakubidi kuisaga na kuanza tena, ukilipia kazi ile ile mara mbili. Kipime, kisafishe, kikaushe, ndipo upake.